Ukubwa Sio Hoja, Uvimbe Unakula Wapi?

Najua wapo ambao wamekiona kichwa cha habari na kuanza kutabasamu. Tulieni jamani, mwezi huu sizungumzii hayo mnayoyafikiria. Nazungumzia uvimbe kwenye mapafu, na kipimo kimoja kinachoangalia damu inavyoingia na kutoka ndani ya uvimbe huo.

Utaniuliza, Mhariri, hayo yanahusiana nini na safu ya mapenzi? Yanahusiana sana. Karatasi ya majibu kutoka hospitali ni mgeni anayeingia chumbani kwenu bila kupiga hodi. Mwaka huu nimeona ndoa ya watu wanaopendana ikiyumba, na sababu haikuwa nyumba ndogo wala simu ya saa nane usiku. Ilikuwa ni mistari miwili kwenye ripoti ya CT. Mmoja alisoma mstari wa kwanza, mwingine akasoma wa pili, wakaacha kuongea wiki nzima. Nitawasimulia, lakini kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe, la sivyo kisa hakitaeleweka.

Mwaka 2022 watu karibu milioni 2.5 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na wapatao milioni 1.8 walifariki kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi hivyo. Sigara ndiyo inayoongoza kuisababisha, hilo halina mjadala. Ila wapo wagonjwa ambao hawajawahi kuwasha hata sigara moja. Kuna aliyelala miaka ishirini chumba kimoja na mvutaji, na kuna aliyepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani wameshauweka moshi wa makaa ya mawe ya majumbani kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani, na moshi wa kuni kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaileta. Kwa hiyo lile swali letu la "kwani alikuwa anavuta?", tunaloliuliza tukiwa tumeshika mfuko wa machungwa wodini, naomba tuliache nyumbani.

CT unaijua. Ni ile mashine inayofanana na tairi kubwa la lori, wewe umelala kitandani na kitanda kinakupitisha katikati. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI. Ndiyo, EMI hiyohiyo iliyokuwa ikiuza santuri za Beatles. Hesabu zake zilishaanza kufikiriwa hapa hapa Afrika na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel.

CT ya kawaida inapiga picha ya umbo. Inakuambia uvimbe upo, uko pafu lipi, una sentimita ngapi, umegusa nini. Na kwa miaka mingi, mgonjwa akishaanza dawa, madaktari wamekuwa wakitumia rula: tulipoanza ulikuwa sentimita ngapi, leo ni ngapi? Kwa utaratibu uliokubalika kimataifa tangu mwaka 2000, jumla ya vipimo vya uvimbe inatakiwa ipungue angalau asilimia 30 ndipo waseme mgonjwa ameitikia dawa. Ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, ugonjwa unasonga mbele. Katikati ya hapo wanaandika kwamba ugonjwa umetulia. Neno hilo "umetulia" likumbuke, ndilo lililozua balaa kwa hao marafiki zangu.

Rula ina kasoro yake. Uvimbe unaweza kuwa umeshaanza kufa njaa ndani wakati kwa nje bado una sentimita zilezile. Ni kama jengo la ghorofa lililokatiwa umeme na maji: ukipita barabarani unaliona limesimama vilevile, kumbe wapangaji wameshaanza kuhama.

Mwezi mmoja tu baada ya ile skani ya kwanza ya London, Novemba 1971, daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika jambo ambalo wenzake wengi hawakulichukulia kwa uzito. Alisema uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya milimita chache bila kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Unahitaji chakula na oksijeni, na vyote vinaletwa na damu. Kwa hiyo unatoa ishara za kemikali kuita mishipa ije kwake.

Sisi wa Dar mfano huu hautupi tabu hata kidogo, tunawajua vishoka. Mtu kajenga mahali pasipo na huduma, anaita kishoka, usiku mmoja bomba limeshachepushwa kutoka kwenye laini kubwa. Maji yanafika kweli, lakini kazi yenyewe ni ya ovyo: mabomba yamepinda, yanavuja, mengine hayaendi popote. Mishipa ya uvimbe ndivyo ilivyo. Imejengwa haraka haraka, haina mpangilio, na inavujisha. Na kwa sababu imekaa tofauti na mishipa ya kawaida, inaweza kupimwa.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo chetu. Madaktari wanakiita CT pafyusheni, sisi tukiite skani ya mtiririko wa damu. Daktari Kenneth Miles na wenzake wa Uingereza walikieleza kwenye jarida la Lancet mwaka 1991, wakionyesha jinsi CT inavyoweza kutoa ramani ya rangi ya damu inavyopita kwenye nyama ya mwili.

Fikiria Kariakoo saa kumi jioni. Ukipanda ghorofani ukapiga picha moja, utajua watu wako wapi na msongamano ukoje. Hutajua wameingilia mtaa gani, wanapita kwa kasi gani, wanakaa dakika ngapi kabla ya kutoka. Sasa piga picha palepale kila baada ya sekunde chache, na kabla ya kuanza ingiza kundi la vijana waliovaa fulana za njano. Uwahesabu wanapoingia, wanapojaa, wanapotawanyika. Hapo Kariakoo utakuwa umeielewa kweli.

Zile fulana za njano ni dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani. Ina iodini, ndugu wa yale madini joto ya kwenye chumvi yetu. Inasukumwa kwa kasi, halafu mashine inapiga sehemu ileile mara nyingi kwa muda wa nusu dakika hadi dakika hivi. Kompyuta inafuatilia kila kipande kidogo cha uvimbe: kimeng'aa lini, kimeng'aa kiasi gani, kimefifia lini. Kisha inalinganisha na mshipa mkubwa wa damu na kutoa namba: damu kiasi gani inapita kwa dakika, damu kiasi gani imekaa humo ndani, inachukua sekunde ngapi kupita, na inavuja kiasi gani nje ya mishipa. Namba hizo zinapakwa rangi. Mara nyingi nyekundu ni damu nyingi, bluu ni kidogo.

Kwenye mapafu kuna utata ambao haupo sehemu nyingine nyingi, na mimi ndio ulionivutia zaidi nilipoanza kusoma habari hizi. Pafu lina njia mbili za damu. Moja ni ule mshipa mkubwa unaotoka upande wa kulia wa moyo, unaoleta damu yote ya mwili ije ichukue hewa safi. Nyingine ni mishipa myembamba ya bronkia inayotoka kwenye aota, ambayo kazi yake ni kulisha pafu lenyewe. Kwa mtu mzima wa afya, hii ya pili inabeba kiasi kidogo sana, kama asilimia 1 ya damu inayotoka kwenye moyo. Lakini uvimbe wa saratani kwa kawaida unajichomeka zaidi kwenye hii ya pili. Kwa hiyo mtaalamu anayepima lazima atenganishe damu ya barabara kuu na ile ya kichochoroni, na asipoangalia vizuri anaweza kuzichanganya. Halafu pafu halitulii. Unapumua, linapanda na kushuka, na uvimbe ulio chini karibu na kiwambo cha kifua unacheza zaidi. Mgonjwa anaambiwa abane pumzi au apumue taratibu, na mtu anayekohoa usiku kucha kumwambia abane pumzi ni mtihani mwingine.

Haya, sasa turudi kwa wale marafiki zangu.

Mke ni mtu wangu wa karibu, tunaitana shoga tangu chuo. Mumewe ana miaka arobaini na kitu, ni mtu wa benki, hajawahi kuvuta. Alikohoa miezi, akatibiwa kama mgonjwa wa TB, kikohozi kikagoma. Baadaye wakaona uvimbe kwenye pafu la kulia, akachukuliwa kinyama, ikaonekana ni saratani. Ndugu wakachanga, akaenda kutibiwa India akisindikizwa na mdogo wake. Shoga yangu alibaki na watoto na kazi. Tunavyopanga hizi safari zetu, mwanaume mwenzake ndiye anayeonekana msindikizaji wa maana, na mke anaachiwa nyumba. Sijawahi kuupenda utaratibu huu.

Kule alipigwa skani ya mtiririko wa damu kabla ya dawa, akapigwa tena baada ya mizunguko miwili. Dawa alizopewa zilikuwa mbili za kuua seli, karboplatini na paklitakseli, pamoja na ya tatu inayoitwa bevasizumabu, ambayo kazi yake ni kuzima ile ishara ya kuwaita vishoka. Akapiga simu nyumbani: "Mama, usiwe na wasiwasi, dawa inafanya kazi."

Aliporudi kupumzika kabla ya mzunguko mwingine, shoga yangu akafungua begi ili afue nguo. Akakutana na bahasha.

"Amenidanganya," aliniambia kwenye simu, sauti imekauka.

"Amekudanganya nini tena?"

"Kaniambia dawa inafanya kazi. Mimi nimeishika ripoti hapa. Ulikuwa 4.8, sasa ni 4.6. Wameandika umetulia. Umetulia! Yaani tumeuza kiwanja ili utulie?"

Kwa rula, alikuwa sahihi. Kutoka sentimita 4.8, uvimbe ungepaswa kufika kama 3.4 ndipo mtu aseme umeitikia. Lakini ukurasa wa pili wa ripoti, ambao aliupita kwa sababu ulikuwa umejaa rangi na namba asizozijua, ulisema mtiririko wa damu ndani ya uvimbe umepungua karibu nusu. Huo ndio mstari ambao mumewe alielezwa na daktari, akaushika, akaufanya ndiyo habari yote. Ule wa sentimita aliuacha kwenye bahasha. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kwa upole tu: "Shemeji, nilielewa nusu yake. Nikampelekea ile nusu nzuri."

Hakuna aliyekuwa muongo hapo. Walikuwa wameshika karatasi moja kila mtu kwa kona yake. Kilichowasaidia ni kwamba siku ya miadi ya simu na yule daktari walikaa wote wawili mezani, simu ikawekwa sauti ya juu, na shoga yangu akauliza maswali yake mwenyewe bila kupitia kwa shemeji. Daktari akawaeleza kwamba kwa dawa ya aina ile, damu inaweza kupungua kabla ukubwa haujapungua, kwamba ni ishara anayoipenda, na kwamba ishara si ahadi.

Hapo pa mwisho napenda nikae kidogo, kwa sababu watu wanapaharakia. Damu kupungua kwenye uvimbe ni habari njema kiasi gani? Hiyo bevasizumabu, inayojulikana pia kwa jina la biashara Avastin, ilipitishwa Marekani kwa saratani ya mapafu mwaka 2006, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba waliopewa pamoja na zile dawa mbili waliishi kwa wastani wa kati miezi 12.3, na waliopewa dawa mbili peke yake miezi 10.3. Miezi miwili. Kwa mtu ambaye mtoto wake anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba, miezi miwili ni mali. Lakini ni miezi miwili, na wenzi wanastahili kuambiwa hivyo kwa uwazi. Tangu wakati ule zimekuja dawa nyingine, zikiwemo za kuamsha kinga ya mwili, na kwa baadhi ya wagonjwa zimebadilisha hesabu kabisa. Bado hakuna rangi ya skani inayoweza kumwambia mtu mmoja mmoja ataishi mpaka lini.

Tena namba zenyewe zina kigeugeu. Mtu yuleyule akipimwa mara mbili bila dawa yoyote katikati, namba zinaweza kutofautiana. Mashine ya kampuni nyingine au programu nyingine ya kompyuta inaweza kutoa jibu lingine. Kwa hiyo kushuka kwa asilimia 10 usikufanyie sherehe, na kupanda kwa asilimia 10 usikulilie. Kama mmeanza kupima mahali fulani, jitahidini skani ya kulinganisha ifanyike mahali palepale, kwa mashine ileile. Na zile CD za picha msizitupe. Kuna watu wanatunza CD za harusi kwenye kabati la kioo, halafu za hospitali zinachezewa na watoto.

Ipo kazi nyingine ya kipimo hiki na ndugu zake: kusaidia kujua kama kinundu kilichoonekana kwenye pafu ni kibaya au la. Mwaka 2000 daktari Stephen Swensen wa Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa vinundu 356, wakiangalia tu kama kinundu kinang'aa baada ya dawa ya iodini kuchomwa. Kati ya kila vinundu 100 vya saratani, 98 viling'aa. Hapo ukiishia utashangilia. Lakini kati ya kila 100 visivyo vya saratani, ni 58 tu vilivyobaki vimefifia. Vingine vyote viling'aa bure na kutisha watu. Maana yake ni kwamba kinundu kisichong'aa kinakupa sababu nzuri ya kupumua, na kinachong'aa bado hakijakuambia kitu.

Kwa sisi tunaoishi na TB mtaani, hilo si jambo dogo. Kidonda cha TB kinachochemka nacho kinavuta damu, nacho kinang'aa. Ramani ya rangi inaweza kuwa nyekundu kwa ugonjwa unaopona kwa vidonge vya miezi sita, na nyekundu kwa saratani. Ndiyo maana kinyama bado ni kinyama. Najua watu wanakiogopa. Wapo wanaosema ukishachokonoa umeuamsha. Lakini bila kinyama daktari hajui ni aina gani ya saratani, na aina ndiyo inayoamua dawa. Hiyo hiyo bevasizumabu, kwa aina moja ya saratani ya mapafu inayoanzia kwenye seli bapa, ilionekana kuleta hatari ya kutokwa damu mapafuni hata kufa, ndiyo maana haitolewi kwa aina hiyo. Picha peke yake isingekuambia.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu wakiona ramani. Tumezoea kuona nyekundu tukafikiri hatari. Kabla ya matibabu, uvimbe wenye damu nyingi unaweza kuwa ndio wenye nafasi nzuri, kwa sababu dawa zinasafiri kwa damu hiyohiyo, na mionzi inaua vizuri zaidi seli zenye oksijeni. Seli zilizokosa oksijeni zinaweza kuhitaji mionzi mara 2.5 hadi 3 ya ile inayowatosha wenzao. Kwa hiyo ile bluu tulivu katikati ya uvimbe mkubwa, ambayo mke au mume anaweza kuifurahia, wakati mwingine ndiyo ngome. Rangi ileile inaweza kuwa habari nzuri mwezi wa kwanza na mbaya mwezi wa tatu. Usiisome peke yako kitandani.

Je, mlipie kipimo hiki? Hapa nasema ninavyoona mimi, mwenye fikra tofauti aniandikie. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu si kipimo cha lazima. Bado kinatumika zaidi kwenye tafiti na kwenye hospitali kubwa zenye wataalamu wake. Kinachotangulia ni CT ya kawaida, kinyama, vipimo vya vinasaba vya uvimbe pale vinapopatikana, na kujua ugonjwa umefika wapi mwilini. Ukipendekezewa pafyusheni, muulize daktari bila aibu: jibu likija jekundu mtafanya nini, na likija la bluu mtafanya nini tofauti? Kama matibabu ni yaleyale kwa majibu yote mawili, pesa hiyo ni heri ilipie nauli ya mke akae chumba kimoja na mumewe siku ya kusomewa majibu. Kama jibu litaamua waendelee na dawa au wabadilishe, basi kina thamani yake.

Na kama mmeshaamua kwenda, yapo ya kujua kabla. Iodini inatolewa na figo, kwa hiyo kwanza damu ipimwe kuona figo zikoje. Mwenye kisukari anayemeza metformini aseme. Ikiwa figo zina shida anaweza kuambiwa aiache kwa saa 48. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya dawa ya skani aseme kwa sauti, asingoje kuulizwa. Sindano inayowekwa ni nene kidogo kwa kuwa dawa inaingia kwa kasi, na ikiingia utasikia joto likishuka kutoka kooni mpaka chini kiunoni, na ladha ya chuma mdomoni. Wengi wanadhani wamejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa tu, na inapita baada ya muda mfupi. Sidiria yenye waya na mikufu viacheni nyumbani.

Mionzi ipo, tusifichane. CT ya kawaida ya kifua inakupa kama milisiverti 5 hadi 7, wakati ile ya asili tunayoipata kutoka ardhini na angani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Skani ya mtiririko inaongeza juu ya hapo, maana inapiga palepale mara nyingi. Kwa mtu mwenye saratani daktari anapima faida na hasara na mara nyingi faida inashinda. Kwa dada ambaye siku zake zimechelewa hata kwa wiki moja, tafadhali sema kabla hujapanda kitandani.

Swali ambalo watu wananiuliza kwa kunong'ona ni hili: akirudi nyumbani, nimguse? Mguse. Mionzi ya CT inakwisha pale mashine inapozimwa. Haibaki mwilini, haimwambukizi mtu, na saratani yenyewe haiambukizwi kwa busu wala kwa kulala kitanda kimoja. Wale wanaoambiwa wakae mbali na watoto wadogo kwa saa kadhaa ni waliochomwa dawa yenye mionzi, kama kwenye kipimo cha PET, na hicho ni kipimo kingine kabisa. Hata mama anayenyonyesha, miongozo ya wataalamu wa Marekani na Ulaya inamruhusu aendelee kunyonyesha baada ya dawa ya iodini, kwa kuwa inayofika kwenye maziwa ni chembe tu.

Shemeji yangu ana skani nyingine mwezi ujao. Safari hii mdogo wake anabaki na watoto, tiketi imekatwa kwa jina la mke.